Gari la Watu

Fundi Mapema hakuwahi kumaliza gari la mtu siku aliyoahidi, na jina lenyewe alipewa na wateja kwa kumkejeli. Kila aliyemletea gari bovu aliondoka na maneno yaleyale: "Njoo kesho, mapema." Mteja akija hiyo kesho, tena mapema, anakuta injini imelazwa juu ya gunia, fundi ana grisi mpaka masikioni, na kuna kifaa kimoja tu kinachosubiriwa. Watu walicheka, wakalaani kidogo, na bado wakarudi, kwa sababu mkono wake ulikuwa mkono kweli. Gari likitoka kwake limetoka. Kazi ilikuwa litoke.

Sasa alikuwa anakufa, na hilo nalo alilifanya taratibu. Miguu ilikuwa imevimba, kifua kimejaa maji, na hospitali ilimrudisha nyumbani na vidonge pamoja na maneno ya upole ambayo hayaponyi mtu. Kitanda chake kilisogezwa mpaka dirishani, akawa anatazama uwanja wa gereji ambapo hapakuwa na gereji tena. Aliyekisogeza alikuwa binti yake wa pekee, mchomeleaji wa mageti na madirisha, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Mama yake alikwisha kutangulia. Walibaki wawili tu, baba na mwana, na lile gari.

Gari lilikuwa pembeni ya uwanja, limeegemea ukuta, matairi yamezama ardhini mpaka kwenye rimu. Zamani lilikuwa la rangi ya samawati lenye paa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya kutu na kinyesi cha ndege. Kuku wa jirani walitagia kiti cha nyuma, na jirani mwenyewe alikuwa akija kukusanya mayai bila hata kubisha hodi, kama vile amelipa pango.

Asubuhi moja, Cheche alipomletea uji, mzee alisukuma bakuli.

"Nataka lile gari lirudi kwa mwenyewe," alisema.

"Gari gani?"

"Unalijua."

Alilijua. Alidhani baba anaota, maana dawa zile zilimpeleka mbali mara nyingine. Lakini mzee alikuwa macho, na alimtazama kwa namna aliyokuwa akiutazama mtambo kabla ya kuufungua.

"Baba, lile halina kitu ndani. Ni ganda."

"Ninajua lina nini na halina nini. Mimi ndiye niliyetoa."

Ndivyo neno lilivyotoka, baada ya miaka kumi na tisa, katikati ya uji unaopoa.

Lilikuwa la dereva wa teksi. Mtu mpole, mrefu, shati limepigwa pasi kila siku, na pale uwanjani aliitwa Dereva tu. Alileta gari likiwa na ugonjwa mdogo, klachi inateleza. Mapema akashusha giaboksi, akaagiza klachi mpya, akasema kesho. Kabla klachi haijafika, likaja gari la mwalimu lililokufa stata, na mwalimu ana safari. Mapema akatoa stata ya teksi akamfungia. Aliita kuazima. Mafundi wengi waliita hivyo: gari lililolala linaazimwa kifaa, kesho kikipatikana kingine kinarudishwa, mteja hajui wala haumwi. Wiki iliyofuata akaazima rejeta kwa ajili ya muuza maziwa. Kisha alteneta. Kisha kabureta. Klachi ilipofika, gari halikuwa tena na cha kuendeshwa na klachi, na Mapema akaliweka boksi lake juu ya rafu, akaona aibu kulitazama.

Na Dereva alikuja. Alikuja kila asubuhi kwa miguu, karibu mwaka mzima. Akifika anakaa juu ya tairi bovu karibu na geti, mikono magotini, anasubiri. Mapema akimwona kwa mbali hujificha nyuma ya banda, na anayetumwa getini ni binti wa miaka kumi na mitatu.

"Shikamoo mjomba. Baba hayupo. Amesema uje kesho, mapema."

Cheche hakusahau hata neno. Alikuwa akisema huku ameinamisha kichwa, kidole gumba cha mguu kikichora mchanga, duara baada ya duara. Dereva hakuwahi kumgombeza. Alisema, "Ahsante, mwanangu, naomba basi maji ya kunywa," naye akamletea kikombe, na Dereva akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akaondoka. Siku ya mwisho alilisogelea gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa hivyo kwa muda, akaenda zake. Hakuja tena. Mapema alitoka nyuma ya banda akasema, "Amechoka mwenyewe," akacheka. Cheche alimchukia baba yake siku ile, na chuki hiyo hakuimaliza yote.

"Niende nimtafute kwanza?" aliuliza sasa. "Nimwambie tunalitengeneza?"

Mzee alitikisa kichwa juu ya mto. "Maneno nimempa ya kutosha yule. Safari hii apewe gari."

Ilikuwa kauli ya kiungwana, na Cheche aliipenda. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimwona baba yake kama mtu mzima. Ndiyo maana hakubisha, ingawa afadhali angebisha.

Fedha hawakuwa nazo. Zilizokuwepo zilikwenda kwenye vidonge. Walichokuwa nacho ni mikono ya Cheche na kumbukumbu ya mzee, na kumbukumbu hiyo ilikuwa ya kutisha. Hakukumbuka amekula nini jana, lakini alikumbuka kila bolti aliyoitoa kwenye gari lile na imekwenda kwa nani. Cheche akaanza kuzunguka. Mwalimu alikwisha kuuza gari lake, lakini aliyelinunua alikuwa na stata ya ziada na mlango wa choo uliong'oka bawaba. Cheche akachomelea mlango, akaondoka na stata. Rejeta na kabureta alizitoa kwa mzee wa vyuma chakavu kwa kumtengenezea ngazi. Alteneta aliipata imeungua, akaipeleka kwa fundi wa kusuka waya, akamlipa kwa kibanio cha kushikia kazi mezani alichokiunda mwenyewe. Muuza maziwa, aliyekuwa sasa mtu mkubwa mwenye magari matatu, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia baba yake amezeeka vibaya.

Kazi ya mageti aliifanya asubuhi, kazi ya gari jioni kabla giza halijaingia. Aliwafukuza kuku, akang'oa sakafu iliyooza, akakata mabati ya mapipa na kuyachomelea kipande kwa kipande. Mzee alielekeza kutoka dirishani. Sauti ikimwishia, alipiga bakuli kwa kijiko: mara moja, sawa, mara mbili, rudia. Siku nyingi bakuli lilipigwa mara mbili.

"Umekaza sana hiyo," alisema. "Utaivunja."

"Umeionea wapi kutoka huko?"

"Nimekusikia ukikaza. Umeguna kama mtu anayesukuma ng'ombe."

Walicheka, mzee akakohoa mpaka ikabidi Cheche aruke dirisha kumkalisha. Zilikuwa siku nzuri, ukitoa magonjwa. Kabla giaboksi halijarudi mahali pake, Cheche alipanda juu ya stuli akashusha lile boksi la klachi kutoka kwenye rafu ya banda. Karatasi ilikuwa bado imefungwa kwa gundi ya dukani. Ilikuwa mpya kabisa. Alilishika huku akimfikiria mtu aliyekaa juu ya tairi, hatua ishirini kutoka kwenye boksi hilo, akiomba maji. Hakumwonyesha baba yake. Aliifunga klachi na boksi akalichoma moto.

Mwisho wa mwezi wa tatu wa kazi gari liliwaka. Lilipiga chafya, likatoa moshi mweusi, likatulia. Cheche aliliendesha mbele na nyuma uwanjani, na mzee dirishani alifumba macho akasikiliza.

"Nilipeleke kesho," Cheche alisema. "Linatembea, baba. Breki zinashika. Nilipeleke hivihivi."

"Na rangi?"

"Rangi atapaka mwenyewe."

"Lilikuja na rangi."

"Baba, pumzi yako..."

"Lilikuja na rangi!" Bakuli lilianguka sakafuni. "Unataka nimrudishie mtu kopo? Nimefanya nusu kazi maisha yangu yote. Hii nitaimaliza."

Alikuwa amengoja miaka kumi na tisa kuwa fundi anayemaliza kazi, na alichagua wakati huo. Cheche alijikaza kisabuni akaanza kupiga msasa. Alipovuta mpira wa mlango wa nyuma, chini yake kukatokea ukanda mwembamba wa samawati ambao jua halikuwahi kuuona, na mzee akasema hiyo ndiyo rangi, hiyo na si nyingine. Mchanganya rangi wa njia panda alikubali kulipwa kwa dirisha la nondo. Kopo la kwanza lilikuwa la kijani mno. La pili lilikuwa zito. Kila kopo Cheche alipaka kwenye kipande cha bati, akakipeleka dirishani, mzee akakilinganisha kwa macho na ule ukanda wa mlangoni na kupiga kitandani mara mbili. La tatu lilikaribia. "Karibu siyo yenyewe," mzee alisema. Mchanganya rangi alimtukana, kwa adabu lakini alimtukana, na akasema asubiriwe apate unga mwingine wa rangi. Walisubiri. La nne lilikuwa lenyewe. Kuanzia siku gari lilipowaka mpaka siku paa jeupe lilipokauka, zilipita wiki tano.

Siku ya kulipeleka, mzee alitaka kunyolewa, ingawa hakuwa akienda popote. Hakuweza kukaa garini hata robo saa. Cheche alimnyoa, akamwinua, akamweka mito mgongoni.

"Usijieleze," mzee alisema. Sasa alivuta pumzi kila baada ya maneno mawili. "Mpe ufunguo. Mwambie Mapema amesema amekosa. Basi. Halafu sikiliza atakachosema. Uniletee neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze."

"Akinitukana?"

"Uniletee matusi yake. Yatakuwa yangu. Nikiwa na neno lake nitalala, mwanangu. Bila hilo silali."

Dereva alikuwa anakaa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, upande wa pili wa mji, na bado watu wa mashine walilijua jina lake la kazi. Walipolisikia walitazamana, mmoja akaonyesha geti la bati kwa kidole. Cheche hakuyatilia maanani macho yao. Gari lilikuwa limekwenda vizuri njia nzima na yeye alikuwa na furaha, furaha ya fundi, ambayo haioni kitu kingine.

Mwanamke aliyekuwa akichambua maharage kizingitini alisikia injini kabla hajaliona gari. Aliinua kichwa. Gari lilipokata kona na kusimama, ungo ulimteleza, maharage yakamwagika, na yeye hakuyatazama. Alilizunguka gari polepole, akagusa paa, akagusa mlango wa dereva.

"Ni rangi hiihii," alisema.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa na Fundi Mapema. Namtafuta Dereva, nimpe ufunguo wake."

Mwanamke alimtazama toka kichwani mpaka miguuni, na miguuni akakawia. "Wewe ndiye yule mtoto wa maji."

"Mama?"

"Alikuwa anasema kuna mtoto kule, ana roho nzuri, humletea maji. Akitumwa kudanganya anachora chini kwa kidole cha mguu. Akirudi nyumbani ananisimulia. Anasema, leo tena mtoto kachora, basi gari bado."

Cheche alitazama miguu yake. "Yuko wapi, mama?"

"Tumemzika. Leo wiki ya tatu."

Mashine ya kusaga ilikuwa ikiunguruma nyuma ya ukuta. Cheche alisimama na ufunguo mkononi. Alihesabu nyuma bila kutaka. Wiki ya tatu. Walikuwa kwenye kopo la tatu, lile lililokaribia.

Mjane aliketi, akaanza kuokota maharage, moja moja. Alisimulia bila kulia, sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Teksi ilipokwama, Dereva alisukuma mkokoteni sokoni. Alisema ni kwa wiki chache, mpaka gari litoke. Alisukuma miaka kumi na minane, kifua kikaharibikia humo. Watoto waliacha shule mmoja baada ya mwingine. Shati aliendelea kupiga pasi, hata la mkokoteni.

"Mwaka huu tukasikia Mapema yuko kitandani," alisema. "Mume wangu akasema, nikipata nguvu nitakwenda kumjulia hali. Nikamuuliza, ukafuate nini kwa yule? Akasema, sitaki kitu, tumeshazeeka sote, nataka tu asife akiniogopa."

Cheche aliinama, akaokota harage moja, akalitia kwenye ungo.

"Nguvu hazikuja. Mwishoni kila geti likilia anauliza nani." Mjane aliacha maharage, akainua macho. "Angekuja mtu, mwanangu. Kwa miguu, mikono mitupu. Angekuja hata wewe ukasema neno moja. Gari la nini?"

"Tulitaka... baba alitaka limalizike kwanza."

"Mmelipaka vizuri."

Cheche aliupeleka ufunguo kwa mikono miwili. Alipiga magoti, hakujua lini. "Mama, baba amesema amekosa. Naye yuko njiani kuondoka. Anaomba neno, lolote lile. Amesema nimpelekee kama lilivyo."

"Mwenye neno ameondoka nalo."

"Basi lako wewe."

Mjane alijifuta viganja kwenye kanga. Alichukua ufunguo, akaugeuza, akautia kwenye pindo la kanga.

"Mwambie aje kesho," alisema. "Mapema."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Kisha akasimama, akatazama gari. "Hapa hakuna anayejua kuendesha. Litakaa hapo hapo. Kuku watapata pa kutagia."

Cheche alirudi kwa miguu. Hakuwa amefikiria hilo alipotoka, kwamba atakayeacha gari atarudi bila gari. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa ya kupanda. Alipita soko, akapita daraja, akapita viwanja vya wachonga mawe, na bado nyumbani hapajaonekana. Ilimchukua saa moja na nusu. Alipoliona geti lao, koo lilikuwa limekauka kabisa, na lile tairi bovu lilikuwa palepale. Alikaa juu yake, mikono magotini, kwa sababu miguu ilikataa. Saa moja na nusu kuja, saa moja na nusu kurudi, kila siku, karibu mwaka. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa shati, akaingia.

Mzee alikuwa amekaa vilevile kwenye mito yake, ndevu zimenyolewa, macho mlangoni.

"Umekawia."

"Nimerudi kwa miguu, baba."

"Ni mbali?"

"Mbali."

Mzee aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyepokea sehemu ya kwanza ya hukumu. "Amesemaje?"

Njia nzima Cheche alikuwa amelibeba neno la mjane. Lilikuwa la haki. Lilikuwa lake mzee, yeye ndiye aliyelitengeneza, na aliagiza aletewe bila kupunguzwa. Alifungua mdomo amkabidhi. Akaona mkono wa baba yake juu ya shuka, umevimba, kucha bado zina weusi wa grisi ambao maji ya miaka yote hayakuutoa.

"Dereva alifariki, baba."

Mkono ulitulia. "Lini?"

"Zamani. Miaka mingi. Kabla hujaanza hata kuumwa."

"Kwa hiyo hata tungekwenda bila rangi?"

"Usingemkuta."

"Hata ningekutuma siku ile ya kwanza, ya uji?"

"Hata siku ile."

Mzee alivuta pumzi. "Na mkewe?"

"Amelipokea gari. Amelifurahia. Amesema wamekwisha kusahau, baba, na Dereva alisamehe zamani. Amesema upumzike."

Alisema yote kwa sauti laini, sauti iliyonyooka, na aliamini kwamba ameiweza. Kisha akaona kwamba baba yake hamtazami usoni. Alikuwa akitazama chini, sakafuni, na Cheche naye akatazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevuliwa kiatu kwa ajili ya malengelenge ya safari. Kidole gumba kilikuwa kikichora saruji, duara baada ya duara.

Aliusimamisha mguu. Huko nje uwanja ulikuwa mtupu, na pembeni ya ukuta yalibaki mashimo manne ya matairi.

"Haya, mwanangu," mzee alisema mwishowe. "Naomba basi maji ya kunywa."

Alimletea kikombe, akamshikia kichwa, na mzee akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akageukia ukuta. Aliishi siku tatu nyingine, na katika siku hizo zote hakulala.